Somo la dakika tano: jinsi ya kupanga masomo ya nyumbani kwa mtoto mdogo mwenye usonji

Hii ni kwa mzazi au mlezi mwenye mtoto wa kama miaka 3 mpaka 7 hivi, ana usonji, na kwa sababu yoyote ile ameamua kumfundisha nyumbani, iwe kutwa nzima au jioni tu akishatoka shule. Sitaongelea usonji ni nini wala unatokana na nini, hayo ushayasoma mpaka umechoka. Naongelea kitu kimoja tu, namna ya kukaa chini usiku ukapanga somo fupi la kesho ambalo lina nafasi nzuri ya kufika mwisho bila vita.

Na niseme msimamo wangu mapema: somo lipangwe kuanzia mwisho wake kurudi mwanzo. Wengi tunapanga tutaanzaje, tutaimba nini, tutatoa vitu gani, mwisho tunauacha uje wenyewe, na mwisho ukiachiwa uje wenyewe huwa unakuja na kilio cha mtoto au hasira ya mzazi. Mtoto mwenye usonji akijua kazi inaishia wapi anavumilia mengi sana, asipojua hata dakika mbili anaziona ndefu.

Fupi ni fupi kiasi gani

Hamna dakika maalumu za kila umri, usihangaike kuzitafuta. Chukua saa, mpe kitu ulichochagua wewe, sio kile anachokipenda yeye manake hicho anaweza kukaa nacho asubuhi nzima, afu angalia anakaa nacho muda gani kabla hajaanza kugeuka, kuinuka au kukisukuma. Rudia siku nyingine, na nyingine. Ukiona ni kama dakika 3 basi somo lako la kwanza ni dakika 2. Ndio, mbili. Liwe chini ya uwezo wake makusudi, kwa sababu unataka amalize wakati bado ana nguvu ya kumaliza, na kesho akiiona trei ya vifaa vya somo asikimbie.

Muda wa jumla utaupata kwa kurudia, usiutafute kwa kurefusha. Masomo 4 ya dakika 5 yaliyotawanywa kutwa ni dakika 20 za kujifunza kweli. Dakika 20 za mfululizo kwa mtoto wa miaka 4 mara nyingi ni dakika 5 za somo na 15 za kuvutana, na kinachobaki kichwani mwake ni kule kuvutana.

Kama ameshafika umri wa shule na haendi shule kabisa, ulizia ofisi ya elimu ya unakoishi, nchi nyingine wanaruhusu kwa masharti na nyingine hawaruhusu. Hilo lishughulikie mapema tuendelee.

Kabla ya kupanga chochote, mtazame

Siku chache tu, na daftari. Sio kumpima, kumtazama. Andika vitu vinavyomvuta mwenyewe bila kuitwa (magurudumu, herufi, maji, vifuniko, feni inayozunguka), saa ngapi yuko vizuri na saa ngapi hata jina lake hataki kulisikia, nini kinamkera (taa inayopepesa, sauti ya mashine, lebo ya shati shingoni, harufu), na anakuambiaje anachotaka. Hili la mwisho ni muhimu kuliko yote. Anaongea? Anakuvuta mkono mpaka kwenye kabati? Anarudia maneno uliyoyasema? Analia tu na wewe unabahatisha? Somo lako litapita kwenye mlango huohuo anaoutumia, ukipitia mlango mwingine utakuwa unaongea na ukuta.

Na kama hamjawahi kumpima masikio, mpimeni kabla ya kuhitimisha kwamba hasikilizi. Vilevile mtoto ambaye hajalala vizuri au tumbo limefunga siku kadhaa hawezi kukaa kwenye somo lolote hata upange kwa ufundi gani, na wengi wao hawawezi kusema "tumbo linaniuma", utaona tu amekuwa mkali. Hapo unahitaji daktari, mpango wa somo unasubiri.

Yale anayoyapenda sasa. Watu wengine watakuambia umwondolee hayo magurudumu ndo atazingatia. Mi naona ni kinyume chake. Mwaka 2005 Dinah Murray, Mike Lesser na Wenn Lawson, wawili kati yao, Murray na Lawson, wenyewe wakiwa na usonji, waliandika wakieleza kwamba akili ya mtu mwenye usonji inaelekeza nguvu nyingi kwenye mambo machache kwa wakati mmoja, inazama humo, na ndo maana kuitoa kwenye jambo moja kuipeleka jingine ni kazi nzito kwake. Ukilielewa hili utaacha kumwita "mbishi". Utamfuata huko alikozama, uweke somo hukohuko. Kuhesabu kufanyike kwa magurudumu, rangi zifundishwe kwa vifuniko, "juu" na "chini" zifundishwe kwa gari linalopanda ubao. Tahadhari moja tu, usigeuze kila anachokipenda kuwa somo. Kile anachokipenda kuliko vyote mwachie, kiwe chake, acheze bila mtu kumuuliza "hii rangi gani?"

Lengo moja, la kuonekana kwa macho

"Ajue namba" sio lengo la somo, hilo ni lengo la mwaka. Lengo la somo unaliandika hivi: nikiweka karatasi yenye duara 3, ataweka gari moja kwenye kila duara. Mtu mwingine akiingia chumbani anaweza kuangalia akasema kaweza au hajaweza. Ukishindwa kuliandika kwa namna hiyo ujue bado ni kubwa, likate. Kisha likate tena, manake mara ya kwanza huwa tunakata kubwa.

Uanze na lengo gani? Hapa nina maoni makali kidogo. Wazazi wengi wanakimbilia herufi na namba kwa sababu ndo zinafanana na shule, na kuna watoto wenye usonji wanaozisoma herufi mapema ajabu, mpaka mabango ya barabarani, hata kabla hawajaweza kuomba maji. Ni jambo la kufurahia, lakini mimi ningetanguliza mawasiliano: kuomba kitu, kukataa kitu, kuomba msaada, kusema "basi" au "nipumzike". Mtoto mwenye njia ya kusema "nipumzike" hana haja ya kupindua meza ili apumzishwe. Njia sio lazima iwe mdomo, inaweza kuwa kadi, ishara ya mkono, au kitufe kwenye tableti. Na kadi haimzuii kuongea, hofu hiyo iweke kando.

Kama haongei kabisa, kuna utaratibu wa kubadilishana picha ambao Andy Bondy na Lori Frost waliuanzisha Marekani mwaka 1985, unajulikana kama PECS. Hatua yake ya kwanza ni rahisi ukiijua: kitu anachokitaka kipo mkononi mwako, picha ya kitu hicho ipo mbele yake, na mtu wa pili yuko nyuma ya mtoto anamsaidia kuichukua ile picha na kuiweka kwenye mkono wako, ukishaipata unampa kitu papo hapo huku unakitaja. Wewe wa mbele humwambii "nipe picha" wala "unataka nini", unasubiri. Kwa hiyo mnahitaji watu wawili mwanzoni, na hili watu wengi wanaliruka afu wanasema picha hazifanyi kazi. Ukiweza kumpata mtaalamu wa lugha na mawasiliano akuoneshe mara chache itakuokolea muda mwingi.

Mwisho uonekane

Sasa tuko kwenye kiini. Huko North Carolina, Marekani, kuna programu inaitwa TEACCH, Eric Schopler ndo aliiongoza ilipoanza rasmi mwaka 1972, na moja ya mambo yao yaliyosambaa ni kwamba kila kazi ijibu maswali manne bila mtu kuongea: nifanye nini, kiasi gani, nitajuaje nimemaliza, na baada ya hapo kuna nini. Mimi kila nikipanga somo nayaandika hayo maswali manne pembeni ya daftari na nikikosa jibu la hata moja silipeleki somo kwa mtoto.

Kwa vitendo inakuwa hivi. Kushoto mwa mtoto weka trei yenye kazi, kulia weka boksi la "tumemaliza". Kazi inachukuliwa kushoto, inafanywa katikati, inawekwa kulia. Trei ikiwa tupu tumemaliza. Mtoto anaona kwa macho yake vitu vinavyopungua, hahitaji kuelewa "bado kidogo" wala "dakika tano", maneno ambayo kwake hayana umbo. Usiweke kabati zima mezani, weka vya leo tu, kama ni vitu 4 basi viwe 4.

Taima nayo inasaidia, hasa ile ya mchanga au ile inayoonesha rangi ikipungua, ila mimi napenda zaidi mwisho wa kazi kuliko mwisho wa saa, kwa sababu taima inaweza kumkatisha katikati ya kitu alichozama ndani yake na hapo umetengeneza ugomvi mwenyewe. Na wapo watoto wanaoogopa mlio wake mpaka wanaanza kulia kabla haujafika, kwa huyo taima isiwe na sauti.

Swali la nne, baada ya hapo kuna nini, jibu lake ni ubao wa "kwanza, kisha". Kipande cha karatasi ngumu, upande wa kushoto picha ya kazi, kulia picha ya kitu anachokipenda. Kwanza duara, kisha kuruka. Hili limejengwa juu ya jambo ambalo mwanasaikolojia David Premack alilieleza mwaka 1959, kwamba shughuli mtu anayoipenda ikifuata ile asiyoipenda sana, ile asiyoipenda inapata nguvu. Bibi zetu walilijua bila kwenda maabara. Ila angalia, "kisha" sio rushwa ya kumtolea mtoto akishaanza kulia, ipo ubaoni kabla kazi haijaanza, na ikiahidiwa inatolewa, palepale, sio "baadaye nikimaliza kupokea simu".

Na ahadi ya mwisho ndo takatifu kuliko zote. Mtoto kamaliza vitu vyote 4, anafanya vizuri kweli leo, wewe moyo umekujaa unataka kumwongezea: "haya moja tu tena, ya mwisho!" Usifanye hivyo. Ukiongeza umemfundisha kwamba trei tupu haimaanishi kitu na kumaliza haraka kunaleta kazi zaidi, kesho hutapata hata vile 4. Kama unaona 4 ni rahisi sana kwake, andika, na kesho trei ianze na 5.

Ndani ya somo lenyewe

Mtindo uwe uleule kila siku. Leo Kanner, daktari aliyeandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 aliowachunguza, aliona jinsi walivyotaka sana mambo yabaki yalivyo, na watu wameliona hilo kama tatizo tu, wakati kwenye kufundisha ni mali. Sehemu ileile, mkeka uleule, kifungu kilekile cha kufungulia ("kazi, tukae") na kilekile cha kufungia ("kazi imekwisha"), kinachobadilika ni kilichomo kwenye trei. Akishajua gamba la somo akili yake inabaki na nafasi ya kushughulika na kile kipya.

Kwenye trei, vitu vingi viwe anavyovijua. Kwa vitu 4 mimi naweka vitatu rahisi na kimoja kipya, na cha mwisho kiwe rahisi. Usiweke kipya mwishoni. Kitu cha mwisho anachokigusa ndicho kinachobaki kama ladha ya somo zima.

Maneno yako yapunguze mpaka uone aibu. "Mwanangu mzuri hebu tuone kama leo unaweza kunionesha ile nyekundu iko wapi eti" ni kelele ndefu yenye neno moja muhimu limefichwa katikati. Sema "nyekundu" au "weka nyekundu", kisha nyamaza. Kunyamaza ndo kunatushinda. Hesabu kimoyomoyo mpaka 10, polepole, bila kurudia, bila "ehe?", bila kuelekeza kwa macho. Wengi wao wanahitaji muda kulichakata neno, na ukirudia kwa maneno mengine ("chukua nyekundu... nipe ile nyekundu... nyekundu iko wapi?") unamfanyia kama mtu aliyepanga foleni akakaribia dirisha afu akaambiwa rudi nyuma uanze upya.

Kitu kipya kabisa usikitegeshe kama mtihani. Msaidie mapema kabla hajakosea, onesha kwa kidole au fanya cha kwanza yeye akifuatisha, afu siku zinavyokwenda punguza msaada: leo unagusa kabisa duara, kesho unaelekeza kwa mbali, kesho kutwa unatazama tu, baadaye hufanyi kitu. Kupunguza huku kuandike kwenye mpango, la sivyo atazoea kusubiri kidole chako na utadhani anajua rangi kumbe anajua kidole. Kumshika mkono na kumsukumia kwenye kazi mimi sishauri, akiuvuta mkono mwachie.

Kwa mambo yenye hatua nyingi kama kuvaa soksi, kunawa mikono au kupanga vipande vya picha, anza kufundisha hatua ya mwisho. Unavalisha soksi mpaka kwenye kisigino yeye anaipandisha, basi, kamaliza, hongera. Akiiweza vizuri unamwachia hatua mbili za mwisho. Kwa njia hii kila siku anaonja kumaliza, wakati ukianzia hatua ya kwanza anahangaika mwanzo afu wewe ndo unamalizia, sifa zinakwenda kwako.

Mengine yanayodaiwa darasani hapa sio lazima. Akisimama asimame. Akitikisa mwili au kupunga vidole huku anafanya kazi mwache, wengi huwa wanajituliza hivyo ili waweze kuzingatia. Usimlazimishe akuangalie machoni, anaweza kuwa anakusikiliza vizuri zaidi akitazama ukuta.

Mfano wa mpango mmoja, wote

Tuseme mtoto ana miaka 5, anaongea maneno machache, anapenda magari na kuyapanga mstari. Usiku naandika:

Lengo: ataweka magari 3 kwenye duara 3, moja moja. Vifaa: karatasi mbili zenye duara 2 (hizi anaziweza), karatasi moja yenye duara 3, mchezo mmoja wa kuchomeka maumbo anaoujua, magari madogo 7. Mwisho: trei tupu. Kisha: kuruka juu ya godoro. Muda: kama dakika 4.

Kabla ya kukaa anasukuma kapu la nguo zito kutoka chumba kimoja mpaka kingine, manake yeye kazi za nguvu humtuliza. Tunakaa, "kazi, tukae", namwonesha ubao: kwanza magari, kisha kuruka. Karatasi ya kwanza, duara 2, napanga magari mawili mbele yake na sisemi kitu, anaweka, nasema "moja, mbili" nikigusa kila moja, karatasi na magari yake vinaenda boksi la kulia. Sasa ile ya duara 3. Hapa naweka gari la kwanza mwenyewe, namwachia mawili. "Moja, mbili, tatu." Kulia. Kisha ile nyingine ya duara 2, haraka, kisha maumbo. Trei tupu, namwonesha trei tupu, "kazi imekwisha", tunakwenda kuruka.

Je akichukua magari yote 7 akayapanga mstari? Poa, gusa mstari hesabu naye, moja mbili tatu, afu sukuma karatasi chini ya yale matatu ya mwanzo ili kila duara lipate gari. Umeingia kwenye mchezo wake na lengo limetimia. Akirudia neno lako, unasema "weka gari" na yeye anasema "weka gari" bila kuweka? Kurudia huko mara nyingi ni njia yake ya kulishika neno, msubiri, na ukitaka kumpa maneno ya kutumia mwenyewe yaseme kwa upande wake: "naweka gari". Akirusha magari, angalia kwanza kama ni kuzidiwa au ni raha ya kuona yanavyoruka. Kama ni raha, kwenye mpango wa kesho "kisha" iwe kurusha mipira kwenye kapu, kazi itumie vitu visivyorushika vizuri.

Kutwa nzima

Masomo yatawanye, kati yake kuwe na mwendo: kuruka, kubembea, kubeba, kuzunguka nje. Lile gumu liweke kwenye saa zile ulizoziona kwenye daftari kwamba yuko vizuri, hata kama ni saa ambazo kwako ni mbaya.

Ratiba ya picha iwe fupi. Anza na picha 2, sio 10 ulizozikata vizuri ukajivunia. Picha za vitu vyake halisi ulizopiga kwa simu huwa zinaeleweka kuliko michoro, na mtoto ambaye picha bado hazimwambii kitu mpe vitu vyenyewe: kikombe maana yake kunywa, taulo maana yake kuoga, kiatu maana yake tunatoka. Kila kitu kikiisha picha yake inatoka ubaoni inaingia kwenye mfuko, yeye mwenyewe aitoe.

Tengeneza pia kadi moja ya mabadiliko, alama yoyote, mshale au rangi kali, inayomaanisha "hapa leo kuna kitu tofauti". Ila uitambulishe kwa habari njema kwanza. Mara za mwanzo kadi ikitokea iwe kuoga kumebadilishwa kuwa kuchezea povu nje, vitu vya hivyo, akishaizoea ndo uanze kuitumia kwa yale asiyoyapenda. Ukianza na habari mbaya, kadi yenyewe itakuwa ya kuliliwa.

Likianza kuharibika

Kila mtoto ana dalili zake za mapema, zitafute: kuziba masikio, kuguna kwa kasi zaidi, kicheko ambacho sio cha furaha, mwili kukakamaa, kulegea kama anataka kuyeyuka kwenye kiti. Ukiziona hapo, toa kile kigumu kwenye trei, mpe kimoja anachokiweza kwa macho yamefumba, trei imekwisha, kazi imekwisha. Mmemaliza vizuri na hakuna aliyeshindwa.

Akitoa kadi ya kupumzika au akisema "basi", mpumzishe, hata kama unahisi anakwepa. Kuna watu wataniambia hapo atakuzoea, ataitumia kila dakika. Mwanzoni ataitumia sana ni kweli, kwa sababu ni mara ya kwanza neno lake limefanya kazi. Mpumziko uwe mfupi, wa kutulia, na ile kazi bado ipo inasubiri palepale ilipo, akirudi anaendelea. Baada ya muda unampa kadi 2 za kupumzika kwa somo, aanze kuzitumia kwa hesabu.

Akishalipuka kabisa somo halipo tena. Usifundishe, usihoji, usimalizie "kimoja tu ili asishinde". Punguza taa, punguza sauti, punguza watu, ondoa vya kuumiza, kaa karibu kwa kiasi anachokubali. Baadaye, akishatulia na wewe ukishatulia, angalia kilitangulia nini. Jibu mara nyingi liko dakika kumi nyuma ya kilio.

Daftari na kujua lini usonge mbele

Mstari mmoja kwa somo unatosha. Tarehe, lengo, na alama: mwenyewe, kwa msaada, hakutaka. Usiandike insha hutaendelea nayo. Siku 3 mfululizo za "hakutaka" maana yake mpango ubadilike, ama lengo ni kubwa, ama vifaa havimvutii, ama saa sio yenyewe. Badilisha kimoja kimoja ili ujue ni kipi.

Akifanya mwenyewe siku kadhaa bila msaada, usikimbilie kitu kipya bado. Badilisha vifaa: duara 3 na vifungo badala ya magari. Badilisha mahali, badilisha mtu. Kwa watoto hawa ni kawaida kabisa kujua "tatu" kwenye mkeka na mama, na kutoijua "tatu" jikoni na baba, sio ubishi wala hajasahau, ni kwamba tatu ya mkeka kwake ilikuwa na mkeka ndani yake. Kwa hiyo kwenye mpango wangu kila lengo lina nusu mbili, kujifunza na kuhamisha, na nusu ya pili ndo ndefu. Jikoni aombwe vijiko vitatu, kwenye ngazi mhesabu tatu, ila hizo hazina trei wala kukaa, zinapita tu katikati ya shughuli.

Watu wote wa nyumbani watumie maneno mamoja. Kama wewe unasema "weka" na baba anasema "tia" na dada yake anasema "rudisha", chagueni moja kwa sasa mlibandike ukutani pale mnapokaa, maneno mengine yataletwa baadaye kama somo la kivyake.

Na mkikatishwa na ugonjwa, safari au wageni, usirudi pale ulipoachia. Toa trei za zamani anazozijua zote, nusu ya vitu, siku mbili tatu hivi, mpaka uone anakaa mwenyewe akisikia "kazi, tukae", ndo ufungue daftari uangalie mlikuwa mmefika duara ngapi.